Njia ya Pili ya Kupumua

Machi 3

Mvua ya kwanza ya maana imenyesha tangu alfajiri hadi saa nne. Kaka amepita kituoni na matope hadi magotini kunieleza kwamba bonde zima limeshapandikiza mpunga, isipokuwa wavivu watatu, na akawataja mmoja mmoja. Kaka ni mwenyekiti wa wakulima. Kutaja watu ni sehemu ya kazi yake. Kazi yangu mimi ni kutaja magonjwa. Huu ni mwaka wangu wa kumi na tisa katika chumba cha magonjwa ya mimea cha kituo cha utafiti: meza mbili, friji moja, hadubini moja, na dirisha linalotazama mashamba. Wakulima wananiita Bi Hadubini. Wanasema naona hata mawazo ya sisimizi.

Machi 9

Mvua. Sina la kuandika.

Machi 17

Leo mdogo wangu alinialika chakula cha mchana. Ameolewa na mwenye duka la pembejeo pale njia panda, mwanamume mnene wa maneno machache ambaye bonde zima linamwita Taratibu. Hata ukimwambia nyumba inaungua, atamaliza kwanza kufunga kizibo alichokishika. Nimempenda shemeji huyu tangu siku ya kwanza.

Nilifika saa saba. Duka limefungwa mchana kweupe, pazia la nyuma limeshushwa. Nikapiga hodi mara tatu. Ndani nikasikia kitu kinamiminwa, kisha kimya, kisha kiti kinasogezwa. Mdogo wangu akatoka amevaa glavu za mpira hadi viwikoni.

"Dada! Mbona mapema?"

"Mapema kwa nani? Si ulisema saa saba?"

"Nilisema saa nane."

Hakusema saa nane. Nyuma yake, kabla hajavuta pazia, niliona karai limejaa vichupa vidogo, na lebo zimebanduka zinaelea juu ya maji. Tukala. Chakula kilikuwa kizuri. Shemeji hakunitazama usoni hata mara moja.

Machi 18

Nimesoma niliyoandika jana na kuona aibu. Chupa ni chupa.

Machi 26

Ukungu asubuhi, ukungu jioni. Katikati yake manyunyu. Hali ya hewa anayokuombea adui.

Aprili 2

Kaka amekuja na fungu la majani kwenye mfuko wa plastiki, akaliweka mezani kwangu kama mtu anayeleta ushahidi mahakamani. Sikuhitaji hadubini. Madoa ya kijivu, yamechongoka ncha zote mbili, yana ukingo wa kahawia. Ni kuvu ile ile ya kila mwaka. Ila kila mwaka huwa doa moja moja, pembezoni mwa mashamba ya watu wasiopuliza dawa. Haya yametoka katikati ya shamba la kaka.

"Umepuliza lini?" nikamuuliza.

"Siku nne zilizopita. Na kabla ya hapo siku kumi na nne. Kama kipeperushi chenu kinavyosema."

"Dawa ya wapi?"

Akanitazama. "Kuna duka lingine bondeni?"

Nikamweleza tena, maana kaka hupenda kueleweshwa upya kila msimu. Kijimbegu cha kuvu kinatua juu ya jani lenye umande. Kinatoa kijimrija, na ncha ya kijimrija inavimba kuwa kinundu kinachogandamana na jani. Ndani ya kinundu msukumo unapanda, unapanda, mwisho kinatoboa ngozi ya jani na kuingia. Kazi hiyo inataka nguvu nyingi kuliko unavyoweza kudhani kwa kitu kidogo hivyo, na nguvu hutoka kwenye pumzi. Kuvu inapumua kama sisi. Ina vimeng'enya vinavyofanya kazi ya kupumua. Dawa yetu inakikwamisha kimoja kati ya hivyo. Kuvu inakosa pumzi pale pale mlangoni, kabla haijaingia.

"Basi hii haijakosa pumzi," kaka akasema.

"Hapana."

"Kwa hiyo haikupulizwa dawa. Ilipulizwa kitu kingine."

Nililiona tena lile karai la nyuma ya pazia.

Aprili 5

Wakulima watatu wameleta majani.

Aprili 6

Wanane.

Aprili 8

Sikuhesabu tena. Koridoni kuna matope kama barabara ya ng'ombe, na maneno yanazagaa: dawa imechakachuliwa, dawa ni maji, Taratibu anajenga. Kweli anajenga; ameongeza chumba kimoja uani. Mwaka jana wote walimsifu kwa chumba hicho.

Mimi nimenyamaza. Lakini ninyamazapo watu hunisoma usoni. Mama mmoja mwenye shamba karibu na mfereji aliniambia, "Bi Hadubini, wewe hujasema hapana." Ni kweli. Sikusema hapana.

Aprili 11

Nimekwenda dukani mwenyewe, nikaomba kichupa kimoja.

Shemeji akakishusha rafuni, akakifuta vumbi, akakiweka kaunta. Hakukiachia.

"Siku hizi una shamba, shemeji?"

"Nina ua moja kwenye kopo. Limeota madoa."

"Ua moja," akasema. Akakiachia. "Basi lipulizie taratibu."

Nilipogeuka nilimwona mdogo wangu amesimama kwenye pazia, mkono mdomoni. Kama hawana la kuficha, kwa nini amesimama vile?

Aprili 12

Nimeandaa sahani tano za maabara, za kuoteshea kuvu. Ndani ya friji yetu kuna kuvu ya zamani, iliyochukuliwa bondeni miaka tisa iliyopita, kabla dawa hii haijafika huku. Kuvu hiyo haijawahi kukutana na dawa. Ni mtoto mchanga. Nimechanganya dawa ya shemeji kwenye chakula cha kuvu, kwa kipimo sahihi, nikaipanda juu yake. Kama dawa ni ya kweli, haiwezi kuota. Ningependa kuwa na dawa nyingine isiyo na shaka ya kulinganishia, lakini chupa ya kituo iliisha mwaka jana. Dokta, mkuu wangu, yuko mkutanoni hadi tarehe ishirini na nne. Huyo mama amebakiza mwaka mmoja kustaafu na hakopeshi neno. Angekuwepo angeniambia nisubiri.

Aprili 14

Mvua. Mdogo wangu amenipigia simu, tukazungumza habari ya homa ya binti yake. Muda wote nilikuwa nasikiliza kilichoko nyuma ya sauti yake.

Aprili 17

Imeota.

Si sana. Duara dogo jeupe, upana wa kucha ya kidole gumba. Lakini imeota, sahani zote tano, juu ya dawa ambayo ingepaswa kuikaba roho. Nimeketi mbele ya sahani hizo hadi chai yangu ikapoa. Nilihisi hasira, na chini ya hasira, nitaandika ukweli kwa kuwa daftari hili ni langu, nilihisi raha. Nilikuwa nimeona sawa. Lebo, glavu, pazia, saa nane. Jicho langu halikunidanganya.

Aprili 18

Nimemwambia kaka. Tulisimama nyuma ya banda la jenereta.

"Usimwambie mtu mpaka Dokta arudi," nikasema. "Huyu ni mume wa mdogo wetu."

"Mimi? Mimi ni kaburi."

Kaka ni kaburi lenye mlango.

Aprili 20

Mvua kubwa. Njiani watu wananisalimia kwa heshima isiyo ya kawaida.

Aprili 22

Naandika leo leo, kabla sijaanza kujitengenezea namna ya kukumbuka.

Saa nne asubuhi nilisikia makelele kutoka njia panda. Nikatoka nikiwa bado nimevaa koti jeupe la maabara. Kulikuwa na watu kama sitini mbele ya duka. Mlango ulikuwa umeng'olewa bawaba moja. Katoni zilikuwa nje, vichupa vimetawanyika kwenye tope. Mbele ya wote alisimama kaka.

Shemeji alikuwa kizingitini. Hakupiga kelele. Nyuma yake mdogo wangu alikuwa analia na kuwataja watu kwa majina ya watoto wao, mama fulani, baba fulani, kama mtu anayewakumbusha kwamba ni binadamu.

"Imepimwa!" kaka akasema. "Imepimwa kituoni. Ni maji."

"Nani amepima?" shemeji akauliza.

Kaka hakunitaja. Hakuwa na haja. Baadhi ya vichwa viligeuka nyuma, nilikokuwa nimesimama na koti langu jeupe, na shemeji akafuata vichwa hivyo akaniona. Alinitazama kwa muda mrefu. Uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa kama wa mtu aliyeitwa, akageuka, akakuta aliyemwita si yeye aliyemtarajia.

Hapo ningeweza kusema. Ningeweza kusema kwamba kipimo hakijakamilika, kwamba Dokta hajaona, kwamba ni sahani tano tu. Maneno yalikuwepo mdomoni. Nikasubiri mwingine aseme.

"Kama ni maji, kunywa!" mtu akapiga kelele.

Wengine wakacheka. Wakalidaka neno. Kunywa, kunywa. Wanawake nao, na yule mama wa karibu na mfereji. Shemeji akainama, akaokota kichupa kimoja topeni, akakifuta kwa shati lake. Akafungua kizibo, polepole kama kawaida yake.

"Mkiniona nimeanguka," akasema, "mtaamini ni dawa?"

Mdogo wangu akamrukia mkono. Alichelewa. Shemeji alimeza funda moja, akaanza kukohoa kabla hajalimaliza. Likapita njia ya hewa. Alipiga magoti. Pumzi yake ilianza kutoa sauti kama msumeno kwenye mbao mbichi. Kicheko kilikatika ghafla, kama taa iliyozimwa.

Kaka ndiye aliyembeba, yeye na mwanamume mwingine, hadi kwenye gari la kituo. Hilo nalo niliandike. Mimi nilifungua mlango wa gari. Mdogo wangu akaingia, akauvuta kutoka mikononi mwangu, akaufunga.

Aprili 23

Hospitali. Kitanda cha dirishani, mrija wa hewa puani. Daktari anasema tumbo si tatizo kubwa. Tatizo ni kifua, dawa iliingia kwenye mapafu.

Mdogo wangu alikuwa ameketi kwenye kibao. Nikamwita kwa jina la utotoni. Akaniambia bila kunitazama:

"Maji hayamfanyi mtu hivi, dada. Umeshapata kipimo chako. Nenda."

Aprili 24

Dokta amerudi. Nilimweleza yote tangu mwanzo, nimesimama. Akaomba daftari la maabara, si hili. Akalisoma mara mbili, huku miwani ikiwa kwenye ncha ya pua.

"Uliziba njia ya pili?"

Sikumwelewa. Kisha nikamwelewa, nikashika meza.

Kuvu hii ina njia mbili za kupumua. Ya kwanza ni ile kubwa, inayoipa nguvu ya kutoboa jani. Dawa inaziba hiyo. Lakini ikibanwa, ina kimeng'enya kingine, mlango mdogo wa uani; pumzi inayopita hapo ni ya kubahatisha, haitoshi kuvamia mmea wenye afya, lakini kwenye sahani, ambapo chakula kimeandaliwa na hakuna jani la kutoboa, inatosha kuota kidogo. Upana wa kucha ya kidole gumba. Ndiyo maana ukipima dawa ya namna hii kwenye sahani, sharti uongeze kitu kinachoziba mlango wa uani. Kila mwanafunzi anafundishwa. Mimi nimefundisha wanafunzi.

"Nilisahau," nikasema.

"Hukusahau," Dokta akasema. "Ulikuwa umeshapata jibu kabla ya kupima."

Aprili 25

Tumeanza upya, sote wawili. Kuvu ya zamani, na kuvu mpya ya shamba la kaka. Dawa ya shemeji. Mlango wa uani umezibwa kwenye sahani zote. Dokta ameweka kufuli kwenye friji na ufunguo anatembea nao yeye.

Aprili 28

Kwa nini ufunguo anatembea nao yeye?

Ofisini kwake ukutani kuna kalenda ya watengenezaji wa dawa hii, yenye picha ya mpunga wa kijani usiopatikana duniani. Nimepita mbele ya kalenda hiyo kila siku tangu Januari. Leo nimeitazama.

Mei 2

Kuvu ya zamani: hakuna kitu. Sahani tano safi kama zilivyooshwa. Dawa ya shemeji ni dawa, ya kweli, ya nguvu, kila tone.

Kuvu mpya: imefunika sahani. Nyeupe, nzito, imefika ukingoni. Milango yote miwili tumeiziba na bado inapumua. Maana yake ni moja tu. Kimeng'enya chenyewe kimebadilika. Dawa inafika mlangoni na haipati tena tundu la kuingiza ufunguo. Si mtu aliyeibadilisha dawa. Kuvu ndiyo iliyobadilika.

Dokta alikunja mikono. "Tumepuliza dawa hii kwa misimu mingapi?"

"Sita."

"Mara ngapi kwa msimu?"

"Nne."

"Peke yake?"

"Peke yake."

Kila mara tulipopuliza tuliua kuvu zote isipokuwa zile chache zenye hitilafu ya bahati njema, kisha tukaziachia shamba zima ziwe wenyeji. Mara ishirini na nne. Usingeweza kuzifuga vizuri zaidi ya hapo.

Mei 3

Kipeperushi bado kimebandikwa kwenye mlango wa ghala la wakulima, kwenye plastiki ili mvua isikiharibu. "Puliza dawa hii mara nne kwa msimu." Hakuna neno kuhusu kubadilishana na dawa ya aina nyingine. Chini kabisa kuna jina la aliyekiandaa. Jina ni langu. Dokta wakati ule alikuwa masomoni. Mimi nilinakili maneno ya kwenye katoni na nikajivunia picha niliyoichora.

Mei 6

Tumegombana. Nilitaka matokeo yatangazwe kesho. Dokta anataka sahani ziende maabara kuu kwanza, wathibitishe.

"Siku ngapi?"

"Kumi."

"Siku kumi ni nyingi, Dokta. Au kuna watu hawatapenda kusikia kwamba dawa yao haifai tena?" Nikatazama kalenda.

Naye akaitazama. Kisha akainuka, akaiondoa ukutani, akaiweka mezani mbele yangu. Nyuma yake kulikuwa na ufa mkubwa wa ukuta, kutoka dari hadi soketi.

"Inaziba ufa," akasema. "Wiki mbili zilizopita hukuweza kusubiri siku sita niingie mlangoni, ukampeleka mtu hospitali. Leo nakuomba siku kumi, umeshaniona mwizi. Ufunguo natembea nao kwa sababu nilitaka ukiulizwa mbele ya watu kama uligusa sahani hizi, uweze kusema hukuweza. Hilo halikukujia?"

Halikunijia. Nimerudi mezani kwangu nikaketi. Hadubini husafishwa kwa kitambaa. Sijui hiki nilicho nacho mimi husafishwa na nini.

Mei 7

Mvua.

Mei 10

Shemeji ametoka hospitali. Anatembea hatua kumi, anasimama. Bondeni wanasema amejifanya. Wanasema alikunywa chupa aliyoiandaa, hiyo moja ilikuwa ya kweli, nyingine zote ni maji. Uvumi nao una njia ya pili ya kupumua. Ukiuziba huku unatokea uani.

Kaka amenitumia ujumbe: tarehe kumi na nane kuna mkutano wa kumfukuza njia panda. Ameandika, "Tunategemea ushahidi wako."

Mei 13

Mpunga umechanua. Kuvu imepanda kwenye shingo za masuke. Suke likishikwa shingoni linakuwa jeupe na kusimama wima, halina cha kuinamia. Ukitazama kwa mbali utadhani bonde limekomaa mapema.

Mei 16

Barua ya maabara kuu. Wanakubaliana nasi. Dokta alinipa niisome, akasema, "Nenda wewe. Hii ni yako."

Mei 18

Ghala lilijaa hadi madirishani. Kaka alikuwa mezani na karatasi zake. Shemeji hakuja, mdogo wangu alikuja, akaketi mstari wa mbele peke yake, kiti kitupu kila upande.

Nilisema kwa ufupi, maana nilijua nikirefusha nitaanza kujitetea. Nikaweka sahani mbili mezani wazione. Nikawaeleza kwamba kuvu inapumua, kwamba dawa ilikuwa inaikaba, kwamba sasa haiikabi kwa sababu imebadilika. Kwamba dawa ya Taratibu ni safi. Kwamba tumeitumia peke yake misimu sita mfululizo, na kwamba kipeperushi kilichowaambia wafanye hivyo nilikiandika mimi. Kwamba msimu ujao tutabadilisha dawa kwa zamu, tutachoma mabua, tutajaribu mbegu inayostahimili.

Kisha yule mama wa karibu na mfereji akasimama.

"Sasa nani alisema ni maji?"

Kaka akainamia karatasi zake. Aligeuza ukurasa mmoja, akaugeuza tena. Nilimwona kichwa kinavyomzunguka: akinitaja atajiokoa, akiitaja sauti yake mwenyewe atakwisha. Nikamhurumia, kwa mara ya kwanza msimu huu nikamhurumia mtu bila kujiuliza anaficha nini.

"Mimi," nikasema. "Nilipima vibaya, nikanong'ona. Siku ile nilikuwa nimesimama nyuma yenu na nilikuwa najua kipimo hakijakamilika. Nikanyamaza."

Mama yule alinitazama. "Na mimi nilisema kunywa," akasema. Akaketi.

Hakuna aliyepiga kelele. Mmoja baada ya mwingine walitoka, wakizikwepa zile sahani mbili. Mdogo wangu alikuwa wa mwisho. Alipita karibu yangu kiasi cha nguo zetu kugusana. Hakusimama.

Mei 20

Kaka alikwenda njia panda asubuhi na nyundo na bawaba mpya. Hakupiga hodi. Alifunga mlango wa duka, akaufungua na kuufunga mara tatu kuhakikisha, akaondoka. Hivyo ndivyo kaka anavyoomba radhi. Tangu mkutano hajanisemesha, na sijui kama ananikasirikia kwa kunong'ona au kwa kukiri.

Juni 4

Mavuno yameanza. Magunia ni mepesi. Ukipepeta, nusu inaruka na upepo, mapepe matupu.

Juni 11

Shemeji ameniita dukani. Alikuwa kwenye kiti nyuma ya kaunta, sauti imekwaruza. Pazia la nyuma lilikuwa limefunguliwa, na karai lilikuwepo.

"Tazama," akasema. "Si ulitaka kutazama?"

Akanieleza, kwa vituo vya kupumzika. Dawa huja kwa makopo makubwa. Mwenye kishamba kimoja hawezi kununua kopo zima. Kwa hiyo yeye na mdogo wangu walikuwa wanakusanya vichupa vilivyotumika, wanavisafisha, wanabandua lebo, wanagawa humo dawa ya kopo. Hairuhusiwi. Ndiyo maana ya pazia.

"Na nina kosa langu," akasema. "Wengi walinunua kichupa kimoja wakapulizia shamba zima. Dawa nyepesi, kuvu inaionja na kuizoea. Nilijua. Niliangalia kichupa, sikuangalia shamba."

"Shemeji, nisamehe."

Akasogeza karai kando kwa mguu, akihema.

"Siku uliyokuja kununua dawa ya ua," akasema, "nilirudi nyuma nikamwambia mdogo wako: ametuona, sasa ataniuliza, nami nitamwambia yote, na nitapumua. Nikakusubiri jioni ile. Nikakusubiri na kesho yake." Akakohoa. "Ulikuwa na swali, shemeji. Ungeniuliza mimi."

Akanisamehe, nadhani. Aliomba nimwandikie kwa mkono orodha ya dawa za kubadilishana, aibandike dukani. Alisema niandike jina langu chini, tena kwa herufi kubwa.

Juni 15

Jua. Siku ya kwanza kavu kabisa. Tumechoma mabua bondeni kote. Kaka alisimamia upande wa juu, mimi wa chini. Saa sita alinitumia maji kwa mtu mwingine.

Juni 22

Kipeperushi kipya kimekamilika. Dokta amekata sentensi nne na kuongeza moja: "Ukiona dawa haifanyi kazi, uliza kituoni kabla hujamtuhumu mtu." Nikamwambia hiyo si sentensi ya kisayansi. Akasema yeye anastaafu, atafanya anavyotaka.

Juni 29

Leo nimekwenda kwa mdogo wangu. Sikualikwa. Nilibeba dawa ya kifua ya mumewe kutoka hospitali, maana gari la kituo lilikuwa linapita huko. Hicho ndicho kilikuwa kisingizio changu. Nikapiga hodi mara moja, nikasubiri. Nilisikia hatua zake zikija hadi mlangoni na kusimama. Sikuchungulia dirishani. Nilitazama barabara.

Alifungua nusu. Amekonda. Alipokea ile dawa, akaisoma lebo, akaisoma tena.

"Ni yenyewe," nikasema. "Unaweza kuwapigia simu uwaulize."

"Nitawapigia."

Akawapigia kweli, pale pale kizingitini, mimi nimesimama juani. Akawasomea jina la dawa, herufi moja moja, na tarehe ya kwisha, akasikiliza, akashukuru, akakata. Ndipo akafungua mlango wote.

"Ingia," akasema. "Ila macho yako yaache nje."

Nikaingia, nikaketi, nikatazama mikono yangu hadi chai ilipoletwa.